Mapigo Kumi na Moja kwa Sekunde Sita

Kuna swali ambalo mchezaji wa Dungeons & Dragons hukutana nalo mapema, na wapo ambao hawaachani nalo tena: mpiganaji wangu apige mara ngapi katika raundi moja? Watu wanalisumbukia swali hili kama wanafunzi wanavyosumbukia mtihani wa taifa. Wanalinganisha silaha, wanapekua toleo moja la kanuni baada ya jingine, wanajaza kurasa za daftari, ili wapate namba iliyo juu kuliko ya jirani.

Kwa asiyeujua mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Watu wanne au watano wanakaa pamoja. Mmoja ni msimulizi: anashika dunia nzima, misitu yake, majumba yake na maadui wake. Kila mmoja wa waliobaki anashika mhusika mmoja. Vita vikizuka, wakati unakatwa vipande vinavyoitwa raundi, na tangu toleo la mwaka 2000 raundi moja ni sekunde 6. Ndani ya sekunde hizo kila mhusika ana zamu yake. Ukitaka kupiga, unarusha dadu ya pande 20 na kuongeza ujuzi wako. Ukikifikia kiwango cha kinga ya adui, pigo limempata.

Sasa hesabu. Kwa kanuni za mwaka 2014, mpiganaji anayeanza hupiga mara moja kwa zamu. Akifika daraja la 5 anapiga mara mbili, daraja la 11 mara tatu, na daraja la 20, ambalo ndilo la mwisho, mara nne. Ana pia uwezo wa kujikaza na kupata tendo la pili katika zamu ileile: nne zinakuwa nane. Akishika silaha ndogo mikono yote miwili, anaongeza moja: tisa. Mchawi wa kundi lake akimfanyia uchawi wa kumwongezea kasi: kumi. Na katika raundi hiyohiyo adui akijaribu kumkimbia, anamwahi kwa pigo moja la papo kwa papo: kumi na moja. Mapigo 11 kwa sekunde 6. Kila pigo lina zaidi kidogo ya nusu sekunde.

Nataka kuihakiki hesabu hii kama tunavyohakiki shairi. Kanuni za mchezo nazo ni maandishi. Zina mtazamo wao juu ya ushujaa, juu ya adui na juu ya wakati, hata kama zimeandikwa kwa namba. Na sisi wa pwani ya Tanga tuna maandishi yetu ya kuyaweka kando yake, kwa sababu katika wilaya ya Pangani swali la nani apige mara ngapi liliwahi kuulizwa bila dadu.

*

Tuanze kwa kuwatendea haki wapiga hesabu, maana wana hoja.

Chukua mpiganaji ambaye kila pigo lake lina nafasi 65 kati ya 100 za kumpata adui, na likimpata linaondoa wastani wa pointi 9.5 za uhai. Akipiga mara nne, wastani wake kwa zamu ni pointi 24.7. Sasa mpe mwenzake shoka kubwa linalopiga mara moja tu, kwa nafasi zilezile, lakini likipata linaondoa pointi 38. Wastani ni uleule, 24.7. Tofauti ni kwamba mwenye shoka atatoka mikono mitupu katika zamu 35 kati ya 100, na mwenye mapigo manne atatoka mikono mitupu katika zamu moja au mbili. Mapigo mengi ni bima. Anayeyatafuta haongozwi na tamaa ya damu; anaikimbia bahati mbaya, kama mkulima anayepanda muhogo kando ya mahindi ili mvua ikigoma asilale njaa.

Kuna na la pili. Adui mwenye pointi 10 akipigwa pigo la 38, pointi 28 zimepotea bure. Mapigo manne madogo yanaweza kugawanywa kwa maadui wanne. Kwa hiyo wingi wa mapigo unafaa kuliko kitu kingine pale unapokabili kundi la wanyonge. Mbele ya jitu moja lenye ngozi ngumu, faida hiyo inapungua. Kumbuka hoja hii, tutaihitaji.

Historia ya kanuni yenyewe inaelekea hukohuko. Kabla ya Dungeons & Dragons kulikuwa na Chainmail, kitabu cha mwaka 1971 cha Gary Gygax na Jeff Perren, chenye kanuni za kupiganisha majeshi ya vinyago mezani. Katika sehemu yake ya mambo ya kubuni, shujaa alihesabiwa kuwa na uwezo wa kupigana wa watu wanne, na shujaa mkuu wa watu wanane. Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, majina hayo yalibaki: mpiganaji wa daraja la 4 aliitwa shujaa, wa daraja la 8 shujaa mkuu. Maana yake, kabla mapigo hayajawa mapigo yalikuwa watu. Kumpa mtu mmoja mapigo manne kulikuwa njia ya kusema kwamba ndani yake wamo wanne.

Kisha ikaja kanuni ambayo kwangu ndiyo mstari wa wazi kuliko yote katika maandishi haya. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, mpiganaji hodari alipiga mara tatu kwa kila raundi mbili akifika daraja la 7, na mara mbili kwa raundi akifika la 13. Lakini dhidi ya viumbe dhaifu kabisa, wale wasiofikia hata dadu moja kamili ya uhai, mpiganaji alipewa mapigo sawa na daraja lake. Daraja la 7, mapigo saba. Daraja la 10, mapigo kumi. Ndani ya kundi hilo la viumbe dhaifu kuna vijitu vya mapangoni, na kuna binadamu wa kawaida wasio na daraja lolote: wachuuzi, wakulima, walinzi wa mlangoni.

Kanuni hiyo inasema bila kuficha kwamba mtu mdogo si mtu mmoja. Ni sehemu ya mtu, na zamu ya shujaa inaweza kumeza wenzake tisa pamoja naye.

*

Mwera iko kusini ya mto Pangani. Ukitoka mjini unavuka kwa kivuko hadi Bweni, kisha unaendelea na barabara. Huko tulicheza mchezo huu likizo moja, watu wanne, kwa dadu za kwenye simu, maana hakuna duka la Mwera linalouza dadu za pande 20. Mimi nilikuwa msimulizi. Rafiki yangu mmoja alishika mpiganaji, naye alikuwa mtu wa hesabu. Binti wa mjomba wangu alishika tabibu.

Jioni moja mpiganaji alifika kwenye zamu aliyoisubiri wiki nzima. Alianza kurusha. Pigo la kwanza, jumlisha ujuzi, linganisha na kinga, rusha dadu ya madhara, jumlisha, toa kwenye uhai wa adui. La pili vilevile. Adui wa kwanza alianguka kwenye la tatu, tukabishana kama anaweza kupiga hatua kumfikia wa pili kabla ya la nne. Binti mjomba akainuka akaenda uani, ambako mama yake alikuwa amemwachia unga wa vitumbua. Aliporudi na sahani, rafiki yangu alikuwa kwenye pigo la saba.

"Kaka, zamu yako moja mimi nimemaliza bakuli la unga," alisema. "Huyo adui wako hajachoka kusubiri kufa?"

Tulicheka, lakini hakuna uhakiki nilioupata tangu hapo unaoishinda sentensi ile. Ndani ya hadithi zilikuwa zimepita sekunde 6. Barazani ilikuwa imepita karibu robo saa. Mapigo ya mpiganaji yalilipiwa kwa saa ya mtu mwingine. Kanuni zinasema kila mhusika ana zamu, na ni kweli, kila mmoja anayo. Lakini zamu ya mmoja ilikuwa kikao kizima na ya mwingine ilikuwa kusema "namponya" na kunyamaza.

Wanaojua bao watasema hata kwetu zamu moja inaweza kuwa ndefu. Ni kweli. Katika bao la kete mchezaji hasimami baada ya kula mara moja. Maadamu kete yake ya mwisho inaangukia shimo lenye kete, anaendelea, na fundi anaweza kula mara tatu, mara nne, akizunguka bao huku watazamaji wakimhesabia. Lakini mpinzani hakuondoka kwenda kukaanga vitumbua. Kete zinazoliwa ni zake, mashimo yanayomwagwa ni atakayoyatumia mwenyewe zamu inayofuata, na macho yake yanakimbia mbele ya mkono wa mwenzake kutafuta zitakapolala. Mchezaji mchanga wa bao anahesabu amekula ngapi. Fundi anatazama amemwachia mwenzake nini. Katika bao zamu ndefu ya mmoja ni kazi kwa wote wawili. Kwenye hesabu ya mapigo 11, anayepigwa hana la kufanya isipokuwa kupungua.

*

Tenzi zetu za vita zinautendea wakati namna nyingine kabisa.

Msomaji wa tenzi kama ule wa Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, au ule wa Rasi 'l-Ghuli, anaujua mwenendo. Majeshi yanakutana. Kabla ya kuchanganyika, mmoja anatoka mbele na kujigamba: anajitaja yeye ni nani na nani wa upande wa pili atathubutu kumkabili. Mwingine anatoka, naye anajibu. Beti zinapita kwa maneno, kisha linakuja pigo, na mara nyingi pigo lenyewe ni moja. Shujaa wa tenzi haongezi hesabu ya mapigo kadiri anavyokua. Anaongeza uzito wa pigo na uzito wa jina. Ali anapopiga, hakuna anayeuliza atapiga mara ngapi.

Umbo la utenzi linasaidia. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane: mizani 32, wala haipungui wala haizidi, na kipande cha nne kinarudi kwenye kina kilekile kinachobeba utenzi mzima. Ubeti ndio raundi ya utenzi. Katika mizani 32 unaweza kuweka pigo, lakini unaweza pia kuweka dua, tusi, barua au jina la mama wa anayekufa. Na adui anapewa mizani zilezile. Kafiri atakayechinjwa beti tano mbele anajigamba kwa vina vilevile vizuri.

Hata Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yanamfanya mrefu na mwenye nguvu kupita binadamu wote, hauawi kwa wingi wa mapigo. Majeshi yalimshindwa. Aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba ya kitovuni, pigo moja, akiwa usingizini. Mpiga hesabu wa Dungeons & Dragons hawezi kumjenga muuaji wa Liyongo, kwa sababu kinachoua pale ni kujua. Mwana aliuliza, baba akamwambia.

Nikiishia hapa nitakuwa nimeandika sifa, na msomaji atadhani nasema pwani tulikuwa na hekima na Wamarekani wana vikokotoo tu. Ukweli unatuumiza zaidi ya hivyo.

*

Mwezi Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kushika utawala wa mrima kwa mkataba na Sultani Khalifa bin Said. Pangani mwakilishi wake alikuwa Emil von Zelewski. Ugomvi wa bendera, wanamaji walioshushwa kutoka manowari na liwali aliyevunjiwa heshima ulifikisha mji mahali pa kuasi, na Septemba mrima wote ulikuwa umewaka. Kiongozi aliyejulikana kuliko wote alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani. Saadani alikuwapo Bwana Heri.

Mtu wa pwani hii, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliiandika vita hiyo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, ambao J. W. T. Allen aliuhariri na kuuchapisha mwaka 1955. Jina la utenzi katika chapa hiyo lina mwaka wake wa Hijria, 1307, ulioanza Agosti 1889. Ni habari ya moto iliyoandikwa majivu hayajapoa. Na Hemedi hakuwa mgeni wa vita vya tenzi: ndiye aliyetunga pia Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, wa vita vya kale vya Waislamu. Kwa hiyo alipowageukia Wadachi alikuwa na zana zile za zamani mkononi: ubeti wa mizani 32, maneno kabla ya pigo, na Mungu mwenye kuamua.

Tuzipime silaha za vita hiyo kwa raundi ya sekunde 6. Gobori, bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, ndiyo iliyokuwa mikononi mwa wengi wa upande wa mrima. Mtu aliyezoea anapiga nalo mara mbili au tatu kwa dakika: pigo moja kwa raundi nne hivi. Askari wa Hermann von Wissmann, Wasudani walioajiriwa Misri na Washangaani wa kutoka Msumbiji, walikuwa na bunduki za Mauser za kutilia risasi nyuma. Kwa hizo mara kumi kwa dakika si ajabu: pigo moja kila raundi. Na tayari duniani kulikuwa na bunduki ya Maxim, iliyobuniwa mwaka 1884, yenye kutoa risasi kama 600 kwa dakika. Hizo ni risasi 60 kwa raundi. Mpiganaji wetu wa daraja la 20, mwenye panga mbili na uchawi mgongoni, ana 11.

Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann aliipiga Jahazi, ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, kwa mizinga kisha kwa askari. Juni ilikuwa zamu ya Saadani. Julai ikawa Pangani. Abushiri alisalitiwa bara, akaletwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Leo wilaya hii ina kata iitwayo Bushiri.

Hapa ndipo kanuni ya mwaka 1978 inapopata picha yake. Wale walinzi wa mlangoni na wakulima wasiofikia dadu moja ya uhai, ambao shujaa anapewa ruhusa ya kuwapiga kwa idadi ya daraja lake, ni watu wenye gobori mbele ya Mauser. Mchezo haukuwazia Pangani hata kidogo. Lakini katika kutafuta namna ya kumfanya mtu mmoja awe wengi, uliandika kwa usahihi jinsi vita vya ukoloni vilivyofanya kazi: idadi ya mapigo yako inategemea udhaifu wa uliyemkabili.

Na utenzi? Utenzi unampa kila mmoja mizani 32. Anayeshindilia gobori na anayefyatua mzinga wa manowari wanapata ubeti wa urefu mmoja. Huo ni ukarimu mkubwa, maana watu wa mrima wanabaki na majina na kauli katika kitabu, wakati ripoti za Kijerumani zinawahesabu kwa jumla. Lakini ni ukarimu unaoficha kitu. Umbo linalogawa wakati sawasawa haliwezi kuonyesha vita ambayo wakati wake haukugawanywa sawasawa. Nikiusoma utenzi kwa umbo lake tu, naona watu wawili wanaopokezana. Hesabu ya mapigo inanikumbusha kwamba mmoja alikuwa bado anashindilia.

Ndiyo maana siikubali ile dharau ya haraka kwa wapiga hesabu, kwamba wameua hadithi kwa namba. Namba zao zimenifundisha kusoma Hemedi. Tatizo lao ni kwamba wanahesabu upande mmoja.

*

Zelewski hakufia Pangani. Alinusurika mwaka 1888, akaendelea na kazi ya jeshi, na mwaka 1891 aliongoza kikosi kwenda kuwapiga Wahehe wa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti, huko Lugalo, Wahehe walikuwa wamelala kwenye majani kando ya njia. Walitokea karibu mno, wengi wao kwa mikuki, huku msafara ukiwa umenyooka njiani na mizinga ikiwa bado ni mizigo. Katika dakika chache Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake walikuwa wamekufa.

Kwa kanuni za mwaka 2014, aliyeshtukizwa hapati kutenda katika zamu yake ya kwanza. Mapigo yake 11, au risasi zake 60, zinabaki kwenye daftari. Wachezaji wazoefu wanalijua hili, na ndiyo maana baada ya miaka kadhaa ya kuhesabu mapigo wengi huhamia kwenye swali la nani anaanza. Lugalo inawaunga mkono. Lakini Lugalo inasema pia jambo ambalo hata swali la nani anaanza halilifikii: Wahehe hawakuongeza mapigo yao. Walichagua mahali ambapo mapigo ya mwenzao hayakuwa na wakati.

Naamini hili ndilo linalokosekana katika fasihi yote ya kumkuza mpiganaji. Inamtazama kama mashine iliyo peke yake, na adui kama kinga yenye namba na uhai wenye namba. Haiulizi wakati wa mapigo hayo unatoka wapi. Unatoka kwa mtu. Mezani unatoka kwa tabibu anayesubiri. Vitani unatoka kwa yule ambaye raundi zake tatu zimeliwa na kushindilia.

Nasema haya kwa sababu najua wapo vijana wanaoandika michezo na hadithi za kubuni kutoka historia yetu, na naelewa kishawishi chao. Ni rahisi kumchukua Abushiri ukampa daraja la 20, mapigo nane na jambia linalowaka, akawafagia Wadachi ufukweni. Itapendeza jioni moja. Lakini atakuwa amepewa ushujaa wa upande uliomuua, ule wa kupiga mara nyingi zaidi, na wanaofagiwa watakuwa tena ni watu wasiofikia dadu moja, safari hii wamevaa sare.

Ningependa kucheza mchezo mwingine. Gobori lipige mara moja kwa raundi nne, kama lilivyopiga. Kanuni isilainishwe. Kisha mchezaji aulizwe: raundi tatu zilizobaki, unafanya nini? Anaweza kujificha. Anaweza kumvuta mwenzake aliyejeruhiwa. Anaweza kurudi nyuma mpaka mahali ambapo mzinga haufiki. Anaweza kutuma mjumbe, maana Abushiri mwenyewe, kabla ya Jahazi, aliwahi kufanya mazungumzo na Admirali Deinhard na kusimamisha vita kwa muda. Hakuna hata kimoja cha vitendo hivyo kinachoongeza namba ya mapigo, na kila kimoja ni zamu kamili. Ndani ya raundi hizo tatu za mkono mtupu ndimo ilimopiganwa sehemu kubwa ya vita ya mrima, na mchezo unaozipita kwa haraka ili ufike kwenye pigo haujaanza kuisimulia.